Anasikia, Hasikiki

Mama mkubwa alifariki Jumanne asubuhi, tukamzika Alhamisi ng'ambo ya ziwa, Busisi, na kabla udongo wa kaburi haujakauka mume wangu alinivuta hadi nyuma ya zizi akaniuliza, "Pendo tumwambie lini?" Pendo ni binti yetu. Ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba katika shule ya bweni nje ya mji, barabara ya Musoma, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu. Kwa upande wangu hakuwa na bibi mwingine zaidi ya Mama mkubwa. Mume wangu si mtu mbaya. Aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye jibu lake analo tayari. "Mimi naona amalize kwanza," akasema. "Akishamaliza tunamchukua taratibu, tunamnunulia na ile simu anayoililia, atatulia." Nilirudi jikoni kwenye moshi nikashika mwiko ambao haukuwa zamu yangu. Amalize kwanza, taratibu, simu: maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa mpangilio huohuo nikiwa na miaka kumi na minne, na aliyeyasema ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia.

Mwaka huo nilikuwa naishi kwake Igoma, mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, mlango wake unafunguka barabarani, na ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na marobota ya kitambaa cha bluu na cheupe, kwa sababu Mama mkubwa alikuwa fundi wa sare za shule. Chumba cha nyuma tulilala. Yeye alikuwa na kitanda chake, na mimi nilichangia kingine na binti yake, Dada Tabu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na anajifunza kazi kwa mama yake. Mpaka leo nikipita dukani nikasikia harufu ya kitambaa kipya na mafuta ya mashine, mdomo unanikauka. Simu ilikuwa moja tu, ya Mama mkubwa, ndogo, yenye tochi, nayo ilikaa juu ya cherehani yake kwenye kitambaa cha kufuma, kama picha ya mtu wa heshima. Mama yangu mzazi alikuwa kijijini, ng'ambo, na yeye alikuwa na yake kama hiyo. Kila Jumapili baada ya ibada alipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, maana chini mtandao haukufika, akapiga. Simu ya Mama mkubwa ilikuwa na sauti kubwa. Mama akisema jambo, lilisikika mpaka kwa fundi baiskeli wa jirani. Kwa hiyo kila Jumapili nilisema maneno yaleyale: sijambo, nakula, nasoma, shikamoo. Yaliyokuwa moyoni niliyarudisha kitandani. Nilitaka simu yangu mwenyewe kwa sababu hiyo moja, niongee na mama peke yangu. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

Nililisema hilo waziwazi mwezi wa pili, nikiwa napachika vifungo, na likawa mjadala wa wateja kwa wiki nzima. Walikuwa wanakuja kupima sare za watoto wao na kila mmoja alikuwa na jibu. Mama mmoja muuza dagaa alisema mtoto wa kike usimpe simu mpaka aolewe, na akishaolewa amwombe mumewe. Fundi baiskeli, mzee aliyeacha kazi yake kila aliposikia maneno matamu kwetu, alisema, "Mpe siku utakapomkuta anafua soksi zake bila kuambiwa."

"Basi wewe ya kwako waje waichukue," Mama mkubwa akamjibu, na wote wakamtazama miguu.

Lakini mwenyewe hakutania. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akasema, "Simu apewe mtu anayeweza kupokea msiba akiwa peke yake barabarani, akafika nyumbani salama. Kama hawezi, bado." Mimi nililichukua neno hilo kama kipimo cha shuleni. Nilikuwa najipima nikitembea: wakinipigia sasa hivi kuniambia fulani amekufa, nitaanguka? Nilijiona nasimama wima, nafika nyumbani, natoa taarifa bila kulia. Ila kila mara aliyekufa katika majaribio yangu alikuwa mtu wa mbali. Mwishowe Mama mkubwa alitoa ahadi. Nikimaliza mtihani wa darasa la saba, ataninunulia.

Mwezi wa sita shule zilifungwa, lakini sisi wa darasa la saba tulibakizwa kwa masomo ya ziada, kwa hiyo sikwenda kijijini. Jumatano moja Mama mkubwa alifunga kazi ghafla, akasema kuna harusi ng'ambo, ya mtoto wa jirani yao wa zamani, akaenda kupanda kivuko Kigongo. Alikaa siku nane. Nilimuuliza Dada Tabu harusi gani ya siku nane, akasema, "Wasukuma wakianza kucheza unawajua." Mama mkubwa aliporudi alikuwa amefunga kilemba mpaka kwenye nyusi, na alipokivua kuoga nikaona kichwa chake kimenyolewa, kinang'aa. Akasema dawa ya nywele aliyopaka kwa ajili ya harusi ilimuunguza. Nilicheka. Nataka niandike hili kama lilivyokuwa: nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwambia anafanana na yai, na yeye akacheka, na Dada Tabu akacheka, halafu akatoka nje na hakurudi upesi. Kwetu mtu hunyoa siku ya kuondoa tanga. Nililijua hilo tangu mdogo, nimeshawahi kunyolewa mimi mwenyewe, na bado nilicheka, kwa sababu aliyeniambia habari za dawa alikuwa mtu niliyemwamini. Alikuwa amekuja na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Mama yako amekupa," akasema. Tukaichemsha na karanga. Nililamba sufuria.

Jumapili hiyo simu haikuja. Mama mkubwa akasema maiki ya simu ya mama imekufa. "Anasikia, lakini hasikiki. Mpaka apate wa kuitengeneza, atakuwa anaandika." Na kweli jioni ujumbe ukaingia kutoka namba ya mama: Habari yako mwanangu. Mimi mzima. Soma kwa bidii. Nilifurahi. Baadaye kidogo nikaona kitu. Mama alisoma mpaka darasa la nne, na kwake hakukuwa na r. Aliandika alivyosema: habali, kalanga, siku ya heli. Sasa alikuwa ameandika habari. Kesho yake asubuhi nikamwambia Mama mkubwa kwa fahari, "Mama siku hizi anajua kuandika. Zamani angesema habali." Nilikuwa natoka kwenda shuleni huku nikisema, sikumtazama usoni. Jumapili iliyofuata ujumbe ukaja: Habali yako mwanangu. Kidogo nilisikitika kwamba amerudi nyuma. Zaidi nilitulia, maana hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake. Nimekuwa nikilifikiria hili kwa miaka mingi kuliko jambo lolote lingine la mwaka ule. Waliposhindwa kumuiga mama yangu, mimi ndiye niliyewafundisha.

Wiki chache baadaye Mama mkubwa alinipa simu yake mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Nenda nyuma ya nyumba ukaongee na mama yako. Yeye anasikia. Leo hatusikilizi." Nilidhani nimeshinda. Nilidhani ameona nimekomaa, kwamba ile simu yangu iko njiani. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma, penye ukuta wa jikoni, nikapiga, ikapokelewa. Kimya. Nikasema, "Mama, ni mimi." Nilisikia pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu kweli, na ilinitosha. Kuanzia siku hiyo nilipiga kila Jumapili, mpaka salio liishe, na niliongea kama sikuwahi kuongea na mtu. Nilimwambia naogopa Hesabu. Nilimwambia Dada Tabu anakoroma, na kwamba tukila samaki anachagua mnofu ananiachia mkia. Nilimwambia nimevunja ungo, nimetumia makombo ya kitambaa yaliyo chini ya meza ya kukatia, na sijamwambia mtu yeyote. Kesho yake nikakuta chini ya mto wangu vitambaa laini vya pamba vimekunjwa vizuri, na wakati wa chakula cha jioni Dada Tabu alinisogezea mnofu wote wa sato, akachukua mkia. Nikasema moyoni, mama amewaandikia. Mama hata akiwa hana sauti ana nguvu. Kuna jambo jingine nililomwambia ambalo sitaliandika hapa wala sijalisema tena kwa mtu. Siku moja nikiwa naongea, nyundo ya fundi baiskeli iligonga pale jirani, na nikaisikia mara mbili, kwa sikio moja kutoka ukutani na kwa sikio lingine ndani ya simu. Nilidhani ni mwangwi. Chooni, hatua kumi kutoka nilipoiweka ile ndoo, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mtihani tulifanya mwezi wa tisa, siku mbili. Siku ya pili nilirudi saa tisa alasiri nikakuta chumba cha mbele kimefagiliwa. Mama mkubwa alikuwa anapiga pasi. Dada Tabu alikuwa amekaa kwenye cherehani ya mama yake. Kwenye benchi alikaa bibi mmoja aliyekuja kuchukua sketi ya mjukuu. Mama mkubwa alifuta mikono, akafungua kabati, akanipa boksi. Simu ilikuwa mpya, na laini imeshawekwa. "Umekua sasa," akasema. Hakutabasamu. "Nenda ukaoge. Nimenunua nyama. Ukishakula tutakaa chini, tutazungumza." Sikwenda kuoga. Nilisimama palepale mlangoni, nikabonyeza namba ya mama niliyoijua kwa kichwa. Nilitaka mtu wa kwanza kwenye simu yangu awe yeye, hata kama ni pumzi tu.

Simu ikalia ndani ya chumba. Ililia kwenye droo ya cherehani, ile ndogo ya kushoto inayowekwa bobini na chaki, na kwa sababu droo ilikuwa ya bati, bobini zote zikatetemeka nayo. Mlio niliujua. Ulikuwa wa mama. Dada Tabu akaweka miguu kwenye pedali akaanza kukanyaga kwa nguvu. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Alishona hewa, mashine ikipiga kelele, akiwa ameinamisha uso kama mwenye kazi ya haraka. Nilikata, droo ikanyamaza. Nilipiga tena, ikalia. Nilikata. Nikapiga mara ya tatu, na ni yule bibi wa kwenye benchi aliyesema, "Mama Tabu, mwambieni mtoto." Hata yeye alijua.

Mama mkubwa aliweka pasi chini. "Mama yako hatunaye tangu mwezi wa sita, mwanangu. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu. Tulitaka umalize kwanza."

Nikauliza, "Nani amekuwa akiniandikia?" Miguu ya Dada Tabu bado ilikuwa inakanyaga. Nikauliza, "Na anayesikia?" Hapo ndipo mashine iliposimama.

Kuna swali jingine nililouliza baadaye, jioni, nyama ikiwa imepoa kwenye bakuli na hakuna aliyeigusa. Kwetu mtoto ndiye huweka udongo wa kwanza kaburini. Nikamwuliza Mama mkubwa, "Udongo wangu aliuweka nani?" Akasema, "Mimi. Niliweka mara mbili. Mara ya pili nilitaja jina lako, Kabula." Nadhani alitegemea hilo litanifariji. Mimi nilimwona tu amesimama pale kaburini, akitaja jina langu kwa watu wote isipokuwa kwangu.

Siku zilizofuata nilianza kuhesabu waliojua. Fundi baiskeli alijua, ndiyo maana alinitengenezea pancha ya baiskeli niliyokuwa nimeazima bila mzaha. Mwalimu wa darasa alijua, alikuwa amenishika bega mara mbili. Muuza duka aliyenipa soda siku moja akasema ni ya ofa, alijua. Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kunitazama nikienda na kurudi na daftari zangu, nikiongea na mama nyuma ya nyumba. Watu wakisema kwamba walifanya kwa upendo, nakubali. Sijawahi kulipinga. Ila nilichokipoteza hakikurudi kwa sababu kilichukuliwa kwa upendo. Nilikosa kuliona jeneza. Nilikosa kulia wakati wengine wanalia, na kulia peke yako miezi mitatu baadaye, kwenye nyumba ambayo wenzako wameshamaliza, ni kama kufika kwenye shughuli wakati watu wanakunja turubai. Na maneno yangu yote ya miezi ile, niliyodhani nimeyaweka kwa mama, yalikuwa kitandani pembeni yangu, yanakoroma.

Mtihani wenyewe nilifaulu. Nilikwenda sekondari, nikafika kidato cha pili, nikaacha. Cherehani sikutaka kuishika, nikaenda Igogo kuosha vyombo kwenye mgahawa, na sasa nina mgahawa wangu mdogo, sahani sita mezani na sita kabatini. Mama mkubwa sikumtupa. Alipozeeka nilimpelekea mboga, nilimkata kucha, alipolazwa nililala naye. Pendo alipozaliwa, ni mikono yake iliyomwogesha wa kwanza. Lakini sikumwamini tena, na sikujua namna ya kuanza upya. Akiniambia chai ipo, nilinyanyua chupa kuona uzito. Akisema mguu unamuuma, nilimwomba aunyooshe niuone. Alinyoosha. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza kwa nini, na nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha.

Jioni ya Alhamisi, baada ya mume wangu kuniuliza lile swali, tulikaa na Dada Tabu tukisugua masufuria kwa majivu. Yeye sasa ndiye fundi Igoma, ana mvi mbele. Tumekuwa tukisalimiana vizuri siku zote, kama watu wanaoheshimu ukuta kati yao. Akasema bila kunitazama, "Kabula, kuna neno mama amekufa nalo."

"Lipi?"

"Ni mama yako mwenyewe aliyesema usiambiwe. Alikuwa anaongea kwa shida. Alisema, amalize kwanza. Mama alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuja kuambiwa aliporudi."

Nilisugua. "Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utamchukia marehemu. Afadhali umchukie aliye hai, yeye atavumilia."

Ningependa kuandika kwamba mzigo ulinitoka. Haukutoka. Nilimtazama Dada Tabu usoni nikitafuta kama ni kweli, na sikuweza kujua, na hata yeye hakujua, alikuwa na neno la mama yake tu. Inawezekana mama alisema. Inawezekana pia Mama mkubwa aliitunga ili binti yake aweze kulala. Waliponidanganya mwaka ule, walinidanganya hata kwa miaka ya mbele. Hata ukweli wao ukija, umechelewa na hauna shahidi.

"Yale uliyoniambia," Dada Tabu akasema, "sijamwambia mtu. Ya vitambaa nilimwambia mama, kwa sababu ulikuwa unahitaji. Lile lingine, hapana. Siku ya kwanza uliponiita mama, nilijiziba mdomo kwa kanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Kabula. Na mimi nilikuwa nakutazama unakula ule mkia, nikasema, kumbe huyu anaumia."

"Na kukoroma?"

"Kukoroma nimeacha."

"Hujaacha. Leo asubuhi akina mama wote wa turubaini wameuliza trekta la nani."

Alicheka, na mimi nikacheka, mikono ikiwa na majivu. Ijumaa tulirudi mjini kwa gari, tukapita darajani kwa dakika chache, na huko chini maji ambayo zamani tulisubiri nusu siku kuyavuka yalikuwa yametulia. Mume wangu akasema Jumapili Pendo atapiga.

Pendo huwa anapiga Jumapili kwa simu ya mlezi wa bweni. Shuleni simu za watoto haziruhusiwi, lakini anaitaka ya likizo, na ameitaka tangu darasa la tano. Kila mwaka nimemwambia bado. Akiniuliza bado nini, sina jibu la maana, maana kipimo pekee nilichorithi ni kile cha Mama mkubwa, cha mtu kupokea msiba peke yake barabarani, na mimi sitaki mtoto wangu akifikie. Jumapili hiyo nilikuwa mgahawani, wateja wameondoka, mume wangu anafuta meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakula?"

"Maharage. Mama, ile simu je? Mtihani umekaribia."

"Tutaona."

"Kila siku tutaona. Winifrida anayo tangu ana miaka kumi na mmoja, na hajui hata kugawanya." Nikasikia wenzake wakicheka nyuma yake. "Bibi hajambo?"

Nilikuwa na siku tatu za kujiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimekwisha kuamua, nataka kuapa kwamba nilikuwa nimeamua, kwamba mimi sitafanya hivyo. Nikafungua mdomo nikasema, "Hajambo. Anakusalimia."

Lilitoka lenyewe, laini, kwa sauti nzuri. Hata halikutetemeka. Mume wangu aliniwekea mkono begani akasema nimefanya vizuri, na mkono wake ulikuwa mzito kama gunia. Hapo ndipo nilipomwona Mama mkubwa kwa mara ya kwanza, amevua kilemba, kichwa kinang'aa, mtoto anamuuliza imekuwaje, na yeye anafungua mdomo. Kwa miaka yote nilidhani walikaa wakapanga. Labda hawakupanga. Labda neno moja lilitoka, kisha ikabidi lile la pili lilitunze la kwanza. Kujua hivyo hakukunifanya nimsamehe. Kulinifanya niogope.

Jumatatu sikufungua mgahawa. Sikumuaga mume wangu vizuri, nilimwambia nafuata mchele. Nilifika shuleni saa nne, mlezi wa bweni akatupa benchi nje ya stoo ya chakula, akaninong'oneza kwamba nisikae sana, watoto wana mazoezi. Pendo alikuja anakimbia, akanitazama, akapunguza mwendo. Nikamwambia. Nilisema moja kwa moja, Bibi amefariki, kwa sababu nilijua nikizunguka nitapotea.

Hakulia hapo hapo. "Lini?" akauliza.

"Jumanne."

Nilimwona anahesabu kwa vidole, juu ya goti. "Jana ulisema ananisalimia."

"Nilisema."

"Alikuwa ameshafariki."

"Alikuwa ameshazikwa."

Ndipo akalia, na akalia kwa muda mrefu, lakini hakuniegemea. Aliegemea ukuta wa stoo. Nilikaa na mikono yangu mapajani. Nikamweleza kidogo kidogo habari za mwaka wangu ule, za pumzi na droo, ili ajue kwamba nilijua ninachokifanya nilipokifanya. Sikujua kama anasikiliza. Alipomaliza kulia alifuta uso kwa upindo wa sketi.

"Ile simu," akasema, "usininunulie."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Afadhali uwe unakuja. Nikuone ukisema."

Sikumuuliza kama ananiadhibu au ananiomba. Mlezi wa bweni akamwita kwa mara ya pili. Tulisimama. Nikataka kumpa kitu cha kuondoka nacho, kama mama yeyote, nikasema, "Usiogope. Utafaulu."

Akanitazama usoni, muda mrefu, kwanza jicho moja halafu la pili.

"Hujui hilo, mama," akasema.

"Ni kweli," nikamwambia. "Sijui."